Ua Jeupe Asubuhi, Waridi Jioni

"Nimelipata!"

Tryphena alipiga kelele mpaka Ajiambo akaachia mpira wa maji, ukaanza kurusha matope kwenye miche ya mipapai.

"Umepata nini? Gauni?"

"Ua! Lile ua la Calvince. Njoo uone."

"Aki wewe Try." Ajiambo alifunga bomba huku akitikisa kichwa. "Kesho ndiyo siku ya tangazo la tatu la ndoa kanisani. Harusi inabisha hodi. Kina dada wengine saa hii wanatafuta saluni, wewe unatafuta maua?"

"Hili si ua tu. Hili ndilo lililonishinda."

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye kivuli cha wavu wa kitalu chao kando ya barabara, hapo Voi. Mapajani alikuwa na kitabu cha kutambulia maua ya porini, kinene, jalada lake limeshikwa na gundi. Aliachiwa na mtafiti mmoja ambaye Tryphena aliwahi kumbebea mizigo milimani, na tangu hapo kitabu hicho na Biblia ndivyo vitu viwili ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuwekea kikombe cha chai.

Tuseme ukweli. Wapendanao wengine hutumiana nyimbo, wengine hutumiana kopa kopa zile nyekundu. Hawa wawili walitumiana maua, tena si ya kununua. Calvince Ooko, kijana aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, alikuwa askari wa ranchi moja upande wa kwenda Maungu. Kila asubuhi akiwa doria alipiga picha ua lolote aliloliona na kulituma na maneno mawili: *Taja jina.* Tryphena alikuwa na muda mpaka jua litue. Akilipata, Calvince ananunua soda. Likimshinda, anapika chapati. Kwa mchezo huo walichumbiana, kwa mchezo huo walipendana, na kwa muda wote huo Tryphena alidaiwa chapati mara moja tu.

Na hata hizo chapati hakuzipika. Ile picha ya ua jeupe ilifika asubuhi ya Jumanne ileile ambayo Gibson, mdogo wake, alitoka nyumbani asirudi. Baada ya hapo nani angekuwa na moyo wa mchezo? Walimtafuta kwa siku kadhaa, wachungaji wa ng'ombe wakampata amelala chini ya Mwamba wa Kituku ndani ya ranchi, amekufa. Watu walijua Gibson alikuwa akichoma makaa huko kwa siri. Polisi wakasema alipanda mwamba akateleza, alikuwa peke yake. Akazikwa. Calvince aliacha kutuma maua, na Tryphena hakumuuliza, kwani kila mtu huomboleza kwa namna yake.

Lakini sasa harusi ilikuwa imekaribia, naye alitaka kumpa bwana harusi zawadi isiyouzwa dukani. Alitaka amnong'oneze jina la ua lile siku ya harusi. Ndiyo maana kwa majuma mengi alikuwa amezifukua kurasa za maua meupe, petali tano, jani la mviringo, bila mafanikio.

"Ona," alimwambia Ajiambo, akiikuza picha kwenye simu. "Hapa pembeni kuna lingine limenyauka. Nilikuwa silitazami. Ona rangi yake."

"Pinki."

"Si ndiyo! Mmea mmoja, jipya jeupe, la jana waridi. Mimi nahangaika kwa kurasa za meupe kumbe wao wameliweka kwa ya waridi."

Akafunua kurasa za waridi. Lilikuwa pale, jani kwa jani, petali kwa petali. Tryphena alicheka kwa furaha, akaanza kusoma Kiingereza cha kitabu na kukigeuza kwa sauti ili Ajiambo naye asikie.

"Linafunguka jeupe alfajiri. Kufikia jioni linageuka waridi. Ni adimu. Huota kwenye nyufa za miamba inayochuruzika maji. Limeonekana mahali..."

Akaukaribisha ukurasa machoni.

"Mahali wapi? Mbona umekatika?"

Chini ya maandishi kulikuwa na ramani ndogo ya Taita Taveta. Kwa maua mengine ramani hizo hujaa madoa huku na huku. Hii ilikuwa na doa moja tu, kusini mwa barabara kuu, katikati ya Voi na Maungu. Ndani ya ranchi.

"Ajiambo, haya maua nimeyaona kwa macho yangu."

"Lini?"

"Siku tuliyoenda kumchukua Gibson. Mwamba mzima chini ulikuwa umejaa maua ya waridi. Nilijiambia, hata mahali pa kufia pamepambwa. Sikujua ni hili. Tulifika jioni."

Ajiambo hakuelewa mara moja. "Sasa? Calvince si anafanya kazi huko?"

"Jumanne ile hakuwa kazini. Alisema alikuwa ofu, yuko Maungu kwa Owino akitengeneza pikipiki. Alimwambia Mama hivyo. Aliwaambia polisi hivyo."

Alirudisha simu kwenye mazungumzo yao ya siku ile, akapandisha na kidole. Yote yalikuwa pale. Asubuhi, picha ya ua jeupe na maneno *Taja jina, mama wa vitabu.* Mchana, kimya. Jioni, ujumbe wake mwenyewe: *Cal, Gibson hajarudi. Umemwona huko?* Na jibu: *Hapana mpenzi. Leo sikuwa kazini. Atarudi tu.*

Tryphena aliifungua namba ya Calvince. Alimpenda mwanamume huyu kwa moyo wake wote, na moyo huohuo ndio uliokuwa ukimwambia asipige simu. Akapiga.

"Mama wa vitabu!" Sauti ya Calvince ilikuwa changamfu. "Niko hapa kwa fundi. Mama amesema tai za wasimamizi ziwe za kijani. Wewe unaonaje?"

"Cal, lile ua jeupe ulilipiga picha wapi?"

"Ua gani?"

"Lile la mwisho. Lililonishinda."

Kelele za cherehani zikasogea mbali, kama ametoka nje.

"Hiyo ni zamani, Try. Si nilikuwa Maungu? Nyuma ya gereji ya Owino."

"Nyuma ya gereji kuna mwamba?"

"Kuna mawe mawe."

"Yanatoka maji?"

"Sasa unanihoji kama polisi. Kwani kuna nini?"

"Njoo kitaluni. Sasa hivi."

"Niko na fundi..."

"Calvince, njoo."

Alikata simu. Ajiambo alimtazama rafiki yake, akavua glavu za kazi na kuchukua mkoba wake.

"Mimi nitakaa pale kwa mama wa viazi," alisema. "Ukiniita nitasikia."

*

Calvince alifika na pikipiki, shingoni amejitundika kipande cha kitambaa cha kijani. Alikuwa mrefu, mpole wa sura, mtu ambaye wazee wa kanisa walimpisha kiti ingawa ni kijana. Tangu msiba alikuwa ndiye mwanamume wa nyumba ile. Alibeba jeneza la Gibson bega la mbele. Aliezeka jiko la Mama mabati mapya. Mama, ambaye zamani alinung'unika kwamba binti yake anaolewa na watu wa mbali, watu wa ziwa, siku hizi alimwita mwanangu na kumwekea nyama ya juu.

"Haya, kijani hiki ama kile cha..."

Aliona kitabu kimefunuliwa. Aliona picha. Kitambaa kikamdondoka.

"Keti," Tryphena alisema.

"Nasimama tu."

"Linaota mahali pamoja, Cal."

"Vitabu vinakosea. Mbegu hubebwa na ndege, si wewe mwenyewe ulinifundisha? Inaweza kuota Maungu."

"Inaweza. Basi twende. Pikipiki iko hapo, tunashuka Maungu, unanionyesha nyuma ya gereji. Nikiliona hata moja nakupigia magoti na kukuomba msamaha."

Calvince alitazama barabarani. Malori yalikuwa yakipita kuelekea Mombasa, moja baada ya lingine.

"Twende," Tryphena alirudia.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna maua Maungu."

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema inauma vipi kwa yule anayemngoja mwishoni mwa hiyo njia.

"Ulikuwa kazini," Tryphena alisema.

"Nilikuwa kazini."

"Ulimwona Gibson."

Calvince akaketi chini, kwenye udongo, kati ya mifuko ya miche.

"Try, sikumuua. Naapa kwa Mungu sikumgusa."

"Sema yote."

"Mimi ndiye nilikuwa nikimwambia siku ambazo hatupiti upande ule. Kwa sababu yako. Nilisema, huyu ni shemeji yangu, akishikwa utalia. Siku ile Kiema akabadilisha njia ghafla. Unamjua Kiema, mkubwa wangu wa zamu. Sikupata nafasi ya kumwonya Gibson. Tulifika pale mwambani alfajiri, hapakuwa na mtu, nikaona lile ua, nikakupigia picha. Nilikuwa hata nimefurahi. Halafu Kiema akasema, nasikia harufu ya moshi."

"Ndiyo."

"Tulilikuta tanuri la makaa nyuma ya mwamba. Gibson akatoka mbio. Akapanda juu. Pale maji hupita, Try, panateleza. Alianguka toka juu mpaka chini. Nilisikia mfupa wa mguu ukivunjika."

"Alikufa hapohapo?"

Calvince aliuinua mfuko mmoja wa mche, akaurudisha chini.

"Nimekuuliza. Alikufa hapohapo?"

"Hapana."

"Calvince!"

"Alikuwa ananiita. Aliniona. Akasema, shemeji, ni mimi, shemeji nisaidie. Kiema akanigeukia. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta nani kati yetu anavujisha siri za doria. Akaniuliza, Ooko, unamjua huyu?"

"Ukasemaje?"

"Try..."

"Ukasemaje?"

"Nikasema simjui."

Mwanamke wa viazi ng'ambo ya pili alikuwa akicheka na mteja. Tryphena alikisikia kicheko kile chote mpaka mwisho kabla hajaweza kufungua mdomo.

"Alisikia?"

"Alisikia. Akanyamaza. Hakuniita tena."

"Halafu?"

"Kiema akasema tukimbeba tutaulizwa nani alimkimbiza. Akasema makaa ni yake, mguu ni wake, atajikokota mwenyewe mpaka barabarani. Tukaondoka. Nilijiambia nitarudi. Nilijiambia zamu ikiisha nitarudi na watu."

"Jioni nilikuuliza. Nilikuandikia, umemwona? Jioni ile alikuwa hai?"

"Sijui."

"Unajua."

"Nilirudi kesho yake kulipokucha. Nilimshika shingoni. Alikuwa bado na joto, Try. Kidogo tu."

Hapo Tryphena alilia. Alilia kwa sauti, akijipiga mapaja kwa viganja, na Calvince alipoinuka kumshika akamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

"Usiniguse! Mama alitembea kando ya reli, Maungu yote, akiita jina lake. Wewe ndiye uliyetupeleka huko! Ulikuwa umemshika mkono asianguke! Ukimwambia, Mama, tuite tena, labda atasikia!"

"Niliogopa. Siku ya kwanza niliogopa kazi. Siku ya pili niliogopa jela. Baadaye nikawa nakuogopa wewe."

"Na bati uliloezeka?"

"Nilitaka kulipa."

"Kwa bati."

"Sikuwa na kingine." Alikuwa akilia sasa, kamasi na machozi, askari mzima. "Nilikuwa nataka kazi ili nikuoe. Ningesema namjua, ningefukuzwa siku ile, labda hata kufungwa. Mamako angesema, nilijua tu, huyu si mtu. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri kwa sekunde moja, Try. Nikachagua vibaya."

"Sekunde ni moja, sawa. Na jioni ile yote?"

Calvince alijifuta uso kwa mkono wa shati.

Tryphena alikifunga kitabu.

"Kesho ni tangazo la tatu," alisema. "Kabla ya mchungaji kusoma majina yetu, uwe umemwambia Mama. Wewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitasimama mimi."

"Utamuua. Amemzika mmoja, amenipata mimi. Ukimwambia atakuwa amezika wawili."

"Mwambie wewe."

"Try, nakuomba. Na sisi je? Tutakuwa nini?"

Tryphena aliokota kile kitambaa cha kijani na kumrudishia mkononi. Akamwita Ajiambo.

*

Ujumbe uliingia alipokuwa akimkatia Mama mboga.

*Try nimefikiri sana. Tuoane kwanza. Nikishakuwa mtoto wa nyumba nitamwambia pole pole. Atanisamehe. Wewe pia utanisamehe. Tuko na maisha mbele yetu. Nakupenda kuliko kazi na kuliko ninavyoogopa jela.*

Aliusoma na kuurudia. Tusimpake mafuta, Tryphena hakuwa malaika. Kidole chake kiliandika *Sawa*. Aliliona neno hilo pale, herufi nne, na ndani yake aliiona nyumba, watoto, Mama akicheka tena, na mwanamume anayemtumia maua kila asubuhi. Nani angejua? Gibson alikuwa amekwisha kufa, na hakuna kusema kungemrudisha. Akalifuta. Akaliandika tena.

"Ni Calvince?" Mama aliuliza toka mekoni.

"Ndiye."

"Mwambie kesho aje mapema, atanibebea kiti. Mgongo unanisumbua."

Tryphena akalifuta neno lile mara ya pili. Akaandika: *Mama anasema uje mapema.* Hakuongeza lolote.

*

Calvince alikuja mapema. Alibeba kiti cha Mama mpaka kanisani, akakiweka mstari wa mbele ambapo akina mama wa chama chao cha Umoja huketi na sare zao za bluu na nyeupe. Akaketi kando yake, akamfungulia kitabu cha nyimbo. Tryphena, aliyekaa mstari wa nyuma yao pamoja na Ajiambo, aliitazama shingo yake ibada nzima. Mara mbili aliona akimwinamia Mama kutaka kusema. Mara mbili Mama alimgeukia akitabasamu, naye akanyoosha kidole kumwonyesha ubeti.

Mchungaji Elijah alipanda na karatasi.

"Natangaza nia ya ndoa kati ya Calvince Ooko, wa usharika huu, na Tryphena Mkamboi, wa usharika huu. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho." Watu walipiga vigelegele, akainua mkono wanyamaze. "Ikiwa kuna mtu yeyote anayejua sababu au kizuizi cha haki kinachowazuia hawa wawili kuunganishwa, na aseme."

Calvince aliinamisha kichwa. Tryphena alihesabu pumzi zake mwenyewe, akimwomba Mungu amwinue mtu huyu, amwinue tu, hata kama atashindwa kusema. Hakuinuka.

"Kama hakuna..." mchungaji alianza.

"Kipo."

Watu waligeuka. Walipomwona ni nani, kanisa lote likacheka. Hata mchungaji alicheka.

"Tryphena, bibi harusi hajiwekei pingamizi mwenyewe. Ama umemwona mwingine?"

Kicheko kikazidi. Kilizimika kwa mafungu, toka mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyouona uso wake.

"Calvince," alisema, "mwambie Mama."

Calvince alisimama. Alishika mgongo wa kile kiti alichokuwa amekibeba.

"Mama," alisema. "Gibson hakuwa peke yake siku ile. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?" Mama aliuliza, bado na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Pale mwambani. Tulimkimbiza mimi na Kiema. Akaanguka. Tukamwacha."

Vijana wawili waliinuka toka mistari ya nyuma. Mama aliinua mkono bila kugeuka.

"Asiguswe." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika mlangoni. "Calvince. Alikuwa anaweza kusema?"

"Ndiyo, Mama."

"Alisema nini?"

"Aliniita shemeji."

"Na nini tena? Gibson hakuwa mtu wa neno moja."

"Wakati tunaondoka aliomba maji. Hakuomba kwangu. Alimwomba Kiema."

Tryphena alifumba macho. Hili hakuwa ameambiwa.

"Wewe ulikuwa na maji?"

"Nilikuwa na chupa, Mama. Ilikuwa kiunoni."

"Ukampa?"

"Hapana."

Mama alikifunga kitabu cha nyimbo. Alikiweka mapajani, akalilainisha jalada lake kwa kiganja.

"Keti," alisema.

"Mama, mimi..."

"Keti hapa. Ibada haijaisha."

Akaketi. Mama alimshika kifundo cha mkono, na hakukiachia wakati wa sadaka, wala wakati wa sala ya mwisho, wala wakati wa baraka. Mchungaji Elijah alisoma kilichobaki kwa sauti iliyokuwa ikipotea na kurudi, na hakuna aliyesikia hata neno.

*

Toka kanisani mpaka kituo cha polisi si mbali, lakini jua la Voi lilikuwa utosini. Mama alitembea mbele na sare yake, amemshika Calvince mkono vilevile, na waumini wakafuata nyuma kama watu wanaokwenda kuzika. Hakuna aliyemrushia jiwe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumvuka Mama.

Afisa wa zamu alikuwa akinywa chai. Alisikiliza, akaita mwenzake, akasikiliza tena. Calvince alieleza yote mwenyewe, akamtaja Kiema, akautaja mwamba, akaitaja chupa. Sauti yake haikutetemeka. Labda alikuwa amechoka kuibeba siri ile peke yake muda wote ule.

"Utalala ndani," afisa alisema. Akavuta kalamu. "Ndugu yako ni nani hapa? Wa kujulishwa."

"Wazazi walirudi Siaya."

"Nauliza hapa. Nani anamjua huyu mtu?"

Mlango ulikuwa umejaa watu. Walikuwepo waliokula pilau ya posa. Walikuwepo wasimamizi wa harusi, waliokuwa wamepimwa suti. Mmoja alitazama viatu vyake, mwingine akaanza kutafuta kitu kwenye simu. Ndivyo tulivyo sisi wanadamu, mtu akichafuka kila mmoja husahau alipowahi kukutana naye. Calvince aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaacha kutazama.

"Hakuna?"

"Mimi," Tryphena alisema. "Mimi namjua."

Afisa aliinua kichwa. "Wewe ni nani wake?"

"Nilikuwa niolewe naye."

"Nilikuwa, ama bado?"

"Nilikuwa. Hatuoani tena. Lakini namjua. Andika jina langu."

Afisa akaandika. Calvince aliliegemeza paji la uso wake kwenye ukuta wa kaunta, mabega yakaanza kumruka.

"Try," alisema, "utakuja kuniona?"

"Sijui, Cal. Usiningojee."

Walimpitisha mlango wa ndani. Mama alibaki pale kaunta na vidole vimejikunja, vimeganda kwa kushika, mpaka Tryphena akavikunjua kimoja kimoja na kuvitia mkononi mwake. Wakatoka. Watu waliwapisha. Wakaanza kuikwea njia ya kurudi nyumbani, wao wawili tu, Ajiambo nyuma yao kwa mbali amebeba kile kiti.

Walikuwa wamefika kwenye reli Mama aliposema.

"Unampenda bado?"

Tryphena alitaka kudanganya. Lakini uongo ulikuwa mwingi mno nyumbani kwao mwaka ule.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi pia," Mama alisema, akaketi kando ya reli na sare yake safi, akaanza kulia.